Mgonjwa si gunia: tujifunze kumwinua, na mashine tuitunze



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya malaria, chandarua, chanjo ya watoto na maji safi. Ni vizuri, na tuendelee. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo halina bango wala wimbo wa kampeni: namna tunavyowainua na kuwahamisha wagonjwa wetu wasioweza kusimama. Kutoka mkekani hadi kitini, kutoka kitini hadi chooni, kutoka kitandani hadi kwenye gari la wagonjwa. Kazi hiyo inafanyika kila siku katika nyumba zetu hapa Nakivale, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, na mara nyingi inafanyika kwa mgongo wa mtu mmoja tu.

Unawajua watu ninaowasema. Kuna mzee aliyepigwa na kiharusi upande mmoja. Kuna kijana ambaye risasi ya vita ilimvunja uti wa mgongo akafika hapa amebebwa. Kuna mtoto aliyezaliwa na viungo vikavu ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na mama yake hamwezi tena. Wote hao wana mtu nyuma yao, naye ndiye anayewainua. Mara nyingi ni mama, mara nyingi ni mke, na mara nyingine ni msichana ambaye angekuwa darasani saa hizo.

Maoni yangu ni mawili. La kwanza, kumwinua mgonjwa ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Tusiseme kwamba upendo unatosha. La pili, pale ambapo kituo cha afya kimepata mashine ya kuinulia wagonjwa, mashine hiyo itumike na itunzwe. Isigeuzwe kamba ya kuanikia makoti.

Nianze na mgongo. Mwaka 2007 mtafiti wa usalama kazini nchini Marekani, Thomas Waters, alipendekeza kwamba mhudumu asiinue kwa mikono yake zaidi ya ratili 35 za uzito wa mgonjwa, yaani karibu kilo 16, na hapo hali ikiwa nzuri: mgonjwa ametulia, hapambani, na nafasi inatosha. Sasa fikiri. Jeriken ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na zaidi, nayo ina mpini, haitetemeki, wala haikushiki shingoni kwa hofu. Mtu mzima ana kilo 50, 60 au 70. Mama anayemwinua mumewe peke yake mara sita kwa siku anabeba mzigo ambao wataalamu hawamruhusu nesi mwenye afya kuubeba. Mgongo wake ukiharibika, nyumba hiyo inabaki na wagonjwa wawili.

Mgonjwa naye anaumia. Ukimvuta kwa makwapa mtu wa kiharusi, bega la upande uliolegea linaweza kuteguka. Ukimburuta juu ya mkeka, ngozi ya makalio na visigino inachubuka, na kwa mtu asiyesikia maumivu mchubuko huo unageuka kidonda cha kulalia. Wanaomtembelea wanaona nzi tu, hawajui kwamba kidonda kilianza siku aliyoburutwa.

Sasa nije kwenye mashine. Labda wewe hujaiona, kwa hiyo nitaieleza. Ni chuma chenye miguu miwili mirefu yenye magurudumu madogo, nguzo moja katikati, na mkono unaopanda na kushuka. Nyingine hupandishwa kwa kupampu mafuta, kama jeki ya gari. Nyingine hutumia betri. Mwisho wa mkono kuna chuma chenye ndoano, na kwenye ndoano hutundikwa kitambaa kigumu kinachombeba mgonjwa. Sisi wahudumu tumekiita mbeleko, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya mama kumbeba mtoto.

Nilitembelea kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Mashine ilikuwepo, imeegemezwa ukutani nyuma ya mlango. Mbeleko moja tu, mshono wake umefumuka na kushonwa tena kwa uzi wa viatu. Wauguzaji walikuwa wanawabeba wagonjwa kwa mikono, mmoja kichwani na mwingine miguuni, mbele ya mashine hiyo hiyo. Niliuliza kwa nini. Wakanijibu, "Aliyefundishwa kuitumia alihama." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Kitu cha thamani kilifika, lakini kilifika bila mwenyewe.

Kwa hiyo, wewe unayefanya kazi mahali penye mashine kama hiyo, zingatia haya.

1. Soma uzito ulioandikwa kwenye mashine na kwenye mbeleko. Ikiwa namba hizo mbili ni tofauti, fuata iliyo ndogo.

2. Kagua mbeleko kila mara kabla ya kuitumia: mishono, mikanda, vitanzi. Iliyochanika, iliyofumuka au iliyofutika lebo haitumiki. Usiishone mwenyewe, usiifunge kwa kamba, wala usiweke kitenge mahali pake. Pia mbeleko ya mashine nyingine isitumike kama hujahakikishiwa kwamba vinaendana.

3. Muwe watu wawili. Mmoja anashika mashine, mwingine anamwangalia mgonjwa.

4. Mweleze mgonjwa unachotaka kufanya na umwombe ruhusa, hata kama hasemi. Mtu anayeinuliwa ghafla hushika chochote, na ndipo ajali hutokea.

5. Mlaze ubavu, tandika mbeleko nyuma yake, mrudishe, kisha pitisha mikanda chini ya mapaja bila kukunja ngozi. Vitanzi vya kulia na kushoto viwe vya urefu mmoja.

6. Funga breki za kitanda na za kiti cha magurudumu. Lakini magurudumu ya mashine yenyewe, kwa mashine nyingi, huachwa huru wakati wa kuinua ili ijisogeze chini ya uzito. Ukiyafunga inaweza kupinduka. Kitabu chake kikisema vingine, fuata kitabu. Miguu ya mashine ifunguliwe kwa upana wake.

7. Mwinue kidogo tu, sentimita chache, usimame. Tazama kila kitanzi kama kimekaa kwenye ndoano. Ndipo uendelee.

8. Msogeze polepole na karibu na chini. Mashine hii ni ya kumhamisha kutoka hapa hadi pale, si ya kumpeleka wodi nyingine. Usimwache hata dakika moja akining'inia.

Kuhusu utunzaji, mambo si magumu. Kaza nati na bolti zilizolegea. Toa nyuzi na nywele zinazozunguka magurudumu. Futa vumbi, na vumbi la kiangazi letu unalijua. Kama ni ya pampu, tazama kama mafuta yanavuja au kama mkono unashuka wenyewe ukiwa na mzigo. Ukiona hivyo, iweke kando na uandike karatasi "USITUMIE". Kama ni ya betri, ichajiwe jua likiwepo, isingojee mpaka izimike mgonjwa akiwa hewani. Kila mhudumu ajue pia kitasa cha kuishusha kwa dharura kiko wapi.

Mbeleko ifuliwe kila anapobadilika mgonjwa. Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu sisi wa kambini tumefundishwa kutia klorini kila kitu tangu siku za kipindupindu na Ebola. Klorini kali na joto kali hula nyuzi za mbeleko. Soma lebo yake, fuata inavyosema, na ianikwe kivulini, mbali na moto.

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 zinataka vifaa vya kuinulia watu vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6. Sisi hatuko Uingereza, lakini chuma kinachoka hapa kama kinavyochoka kule, na huenda zaidi. Fundi wa vifaa vya hospitali akija kukagua friji ya chanjo, kwa nini asiangalie na mashine hii? Safari ni ile ile na mafuta ya gari ni yale yale.

Najua kuna watakaosema, "Hayo ni mambo ya wazungu. Mgonjwa wetu tutambeba wenyewe, ndiyo heshima." Wengine wanasema mzee hawezi kutundikwa hewani kama ng'ombe kwenye mzani. Nawasikia, na sitawacheka. Ila naomba tufikiri pamoja. Katika mila za wengi wetu, Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, mkamwana hamgusi baba mkwe wake ovyo. Sasa baba mkwe amepooza, watoto wake wa kiume wameenda kutafuta vibarua, na aliyebaki nyumbani ni mkamwana. Kumwinua kwa mikono lazima amkumbatie kifua kwa kifua. Mzee anaona aibu mpaka anakataa kunywa maji ili asipelekwe chooni. Heshima iko wapi hapo? Mbeleko, au hata shuka tu iliyotandikwa vizuri, inamwondolea yule mama kumkumbatia na inamwondolea mzee kiu. Mimi naona kifaa hicho kinalinda mila zetu kuliko mikono mitupu.

Jambo lingine lazima nilikubali. Mashine hizi hazifai nyumbani kwa wengi wetu. Magurudumu madogo hayatembei juu ya udongo, mlango ni mwembamba, na chini ya kitanda pamejaa vyombo kiasi kwamba miguu ya mashine haiingii. Kwa hiyo sisemi kila kaya ipewe mashine. Mahali pake ni kituo chenye sakafu ya saruji. Nyumbani tunahitaji vitu vingine, na vingi viko hapa hapa.

Kwanza, kitanda. Mgonjwa aliye chini mkekani ndiye mzito kuliko wote. Fundi seremala wa kijiji anaweza kutengeneza kitanda chenye urefu sawa na kiti cha magurudumu. Vikilingana, humwinui tena, unamtelezesha. Pili, ubao laini uliopigwa msasa, unaounganisha kitanda na kiti, kwa mgonjwa anayeweza kukaa. Tatu, shuka imara ya kumsogeza, watu wawili au wanne, kwa hesabu moja: moja, mbili, tatu. Magoti yakunjwe, mgongo unyooke, mgonjwa awe karibu na kifua chako, na ugeuke kwa miguu badala ya kukunja kiuno. Mtu wa kiharusi, kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu. Na aliyeanguka kutoka juu au kupata ajali ya bodaboda leo, shingo au mgongo ukimuuma, usimkalishe wala kumpakia kwenye bodaboda nyingine. Mwache alale, muite wahudumu.

Sasa naomba mambo matatu kwa wanaotuhudumia, kwa heshima zote.

La kwanza: asiruhusiwe kwenda nyumbani mgonjwa yeyote aliyepooza kabla ya watu wawili wa nyumbani kwake kuonyeshwa namna ya kumgeuza na kumhamisha, nao wakafanya mbele ya nesi. Fomu ya kutoka hospitali inaandikwa dawa. Iandikwe na hilo.

La pili: kila mashine iwe na mwenyewe. Jina moja, daftari moja, tarehe ya ukaguzi, na mtu wa pili anayejua, ili wa kwanza akihama ujuzi usihame naye. Na anayeleta mashine alete pia mbeleko za akiba na betri ya akiba. Bila hivyo ametuletea chuma.

La tatu: sisi wahudumu wa kujitolea tunapopita nyumba kwa nyumba tuulizwe pia juu ya waangalizi. Tunahesabu watoto wenye utapiamlo na wajawazito. Tuhesabu na wasichana walioacha shule kwa sababu bibi hawezi kugeuka mwenyewe. Hatuwezi kuwasaidia kama hawamo katika karatasi yoyote. Uganda iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule wa mwaka 2006, na mkataba huo unataja kuwafundisha wenye ulemavu na wataalamu wanaowahudumia ujuzi wa kutembea na kusogea. Hatuombi sadaka.

Na wewe msomaji, usingoje semina. Jirani yako ana mgonjwa asiyesimama? Kesho asubuhi, saa ya kumtoa ndani, pitia pale. Usiseme "pole" ukaendelea na njia. Shika pembe moja ya shuka, subiri hesabu ya tatu, inua. Dakika tano, kisha uende shambani kwako. Wakiwa wanne wa namna yako katika mtaa mmoja, yule mama atalala usiku bila kushika kiuno, na msichana wake atawahi kengele ya shule.

Mhudumu wa afya wa kujitolea, Nakivale