Tujifunze Nuru Kabla ya Kamera



Picha nyingi za shughuli zetu hapa Kumsenga zatusikitisha: nguo zaonekana, mbingu yaonekana, lakini nyuso hazitambulikani. Watu husema kamera ndiyo mbaya. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 rangi za filamu za Kodak zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, wala weusi wetu haukufikiriwa. Lakini kosa kubwa ni letu. Kamera hupima nuru yote iliyo mbele yake. Mtu akisimama na mbingu nyeupe nyuma yake, kamera hupunguza nuru, na uso huwa kivuli tu.

Basi anayeanza asikimbilie mashine ya fedha nyingi. Ajifunze jua kwanza. Buha i karibu na Ikweta. Saa sita mchana jua li utosini, na macho hujaa giza. Afadhali saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Ikiwa hapana budi mchana, mtu na akae upenuni, uso uelekee nje. Mpigaji aombe ruhusa, asogee karibu, mikono isitetemeke.

Wala si lazima watu wote wasimame kama askari. Mama apepetaye maharage ni picha njema pia.

Jambo hili si mchezo. Wengi wetu tuna picha moja tu ya baba aliyefariki. Ikiwa uso haumo, nani atamwita akae tena?

Twashauri kila mwanachama alete mkutanoni picha yake moja iliyoharibika, tuonyeshane kosa bila kuchekana.