Lokandu na kambi za mbali: mkubwa akiondoka bila ruhusa, nani anahesabu askari?

Lokandu iko kwenye mto, chini ya Kindu, katika eneo la Kailo. Jeshi si kitu kigeni pale, tangu wakati wa Wabelgiji Force Publique ilikuwa na kambi. Lakini ofisa akitumwa Lokandu, banki iko Kindu, bibi na watoto mara nyingi wako Kindu, na mkubwa wake wa kazi anapatikana Kindu. Akipanda mjini kwa siku mbili, mbili zinakuwa tano, tano zinakuwa wiki. Kule nyuma askari wanabaki na mdogo wake, kama naye hajaondoka.

Watu wanasema ni utovu wa nidhamu tu. Nidhamu imo, ndiyo, lakini kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana: namna mshahara unavyolipwa.

Zamani pesa za askari zilipita mikononi mwa makomanda. Wengine walizikata, wengine walilipisha majina ya askari wa kwenye karatasi, hata marehemu. Kuanzia 2005 ujumbe wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuhesabu wanajeshi na kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri. Baadaye mishahara ikaanza kupitia banki. Ilikuwa kazi nzuri, na askari mdogo alifaidika. Ila banki inaangalia jina, haiangalii kambi. Ofisa aliyelala mwezi mzima mjini, pesa yake inaingia sawasawa na ya yule aliyelala kwenye mvua. Kinachobaki kuthibitisha kwamba mtu yuko kazini ni apeli ya asubuhi. Sasa anayepaswa kuipiga au kuidai akiwa ndiye hayupo, nani ataandika kwamba hayupo?

Kwa raia, pengo hilo si la karatasi. Askari asiye na mkubwa karibu, tena rasio imechelewa, anaweka bariere njiani, anaingia shambani kwa mama kuchukua muhogo. Ukienda kulalamika kambini unaambiwa: komanda hayupo, rudi kesho.

Vita ikija, pengo linakuwa kubwa zaidi. Goma ilipoanguka tarehe 20 Novemba 2012, majeshi yalirudi nyuma hovyo hadi Minova, Kivu ya Kusini. Wanawake na wasichana wengi walibakwa, maduka na nyumba vikaporwa. Kesi ilifanyika Goma na hukumu ikatoka Mei 2014: washitakiwa 39, waliohukumiwa 26, na kati yao wawili tu kwa ubakaji. Makomanda wa juu waliokuwa na jukumu juu ya vikosi vile hawakushitakiwa. Hapo watu wa mashariki walijifunza somo chungu: askari alikimbia pamoja na wakubwa wake, lakini kizimbani alifika karibu peke yake.

Tangu Machi 2024 serikali ilipoondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo, mahakama za kijeshi zimekuwa kali. Mei mwaka huo, Goma, wanajeshi 8 walipewa hukumu hiyo kwa uoga mbele ya adui, maafisa wakiwemo. Julai ikawa zamu ya 25 kule Butembo. Goma ikaanguka tena Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na mwezi wa tatu M23 wakaingia Walikale-centre, katika eneo linalopakana na Maniema yetu. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa, ilifungua kesi ya majenerali na wakubwa wa polisi walioshitakiwa kwamba waliuacha mji wa Goma. Hiyo ni hatua, tusikatae. Lakini ni ukali wa baada ya mji kuanguka. Ofisa anayekosekana kambini siku ya amani, kwa wiki tatu, nani alishasikia kesi yake?

Sheria ipo. Kanuni ya adhabu ya kijeshi ya tarehe 18 Novemba 2002 inaadhibu kutoroka jeshi na kuacha kituo, na adhabu inapanda kukiwa na vita. Shida ni ngazi. Mahakama ya kijeshi ya garnizoni, kama ile ya Kindu, inahukumu wanajeshi hadi cheo cha kapiteni. Kuanzia majoro, kesi inapanda kwenye mahakama ya kijeshi ya ngazi ya juu. Jenerali ni Kinshasa. Tena jaji asiwe na cheo kidogo kuliko cha mshitakiwa. Kwa hiyo luteni asiyeonekana Lokandu anaweza kuitwa na oditora ya jeshi hapahapa Kindu, bila safari ndefu. Kwa koloneli ni lazima mtu wa cheo chake akubali kuketi na kumsikiliza, na kabla ya hapo awepo mtu aliyeandika kwenye daftari la apeli kwamba asubuhi ile, koloneli hakuwepo.