Msivue Raba kwa Pupa

Msimu wa mbio za nyika ukifika, wenzetu kadhaa huvua raba ghafla na kukimbia miguu mitupu barabara nzima ya changarawe. Ati Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu! Ni kweli, lakini yeye alikuwa amezoea. Mwenye raba mara nyingi hutua kwa kisigino. Asiye nazo hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na mashavu ya miguu hubeba kazi yasiyoijua. Kwa maoni yangu, tutengewe dakika tano tu kwenye nyasi za uwanja, mara mbili kwa wiki, kisha tuongeze pole pole. Ukiumwa, rudia raba zako. Na wale waliokua wakikimbia hivyo tangu utotoni wasilazimishwe kununua viatu ndipo wachaguliwe kuwakilisha shule.