Kiapo cha uongo kilivyowapima majaji wa kale Marekani

NJIA ya mwongo, wahenga walinena, ni fupi. Mahakamani, hata hivyo, yaweza kuwa ndefu, kwani amwitaye mwenzake mwongo sharti athibitishe.

Majaji wa Marekani walikabiliwa na suala hilo tangu taifa lao lilipokuwa changa. Sheria ya jinai ya 1790 iliagiza kwamba mwenye kuapa uongo kwa makusudi afungwe kwa muda usiozidi miaka 3, atozwe faini isiyozidi dola 800, atiwe mkatale hadharani kwa saa 1, na asiruhusiwe tena kutoa ushahidi katika mahakama za taifa.

Kwa hivyo, aliyehukumiwa hakupoteza uhuru pekee, bali pia thamani ya neno lake. Ndiposa mahakama zikashikilia kanuni iliyorithiwa kutoka Uingereza: shahidi mmoja hatoshi. Kiapo kikiwekwa dhidi ya kiapo, mizani hailali upande wowote.

Lakini je, tahadhari hiyo isingegeuka kichaka cha kuwaficha walaghai?

Mnamo 1835, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bailey, aliyeshtakiwa kuapa uongo katika dai la fedha za serikali. Kiapo chenyewe kilisimamiwa na hakimu wa jimbo la Kentucky, wala si afisa wa serikali kuu. Jaji Joseph Story alisema sheria ya 1823 ilimfikia mshtakiwa, kwa kuwa Wizara ya Fedha ilikuwa na desturi ya kukubali viapo vya aina hiyo. Jaji John McLean alipinga, akisema hakuna sheria ya Bunge iliyompa hakimu huyo mamlaka hayo.

Miaka mitano baadaye ikaja kesi ya Wood, mfanyabiashara aliyedaiwa kuapa uongo forodhani kuhusu bei ya vitambaa vya sufu alivyoagiza Uingereza. Hapakuwa na shahidi aliyesimama kumkana. Palikuwa na barua zake na daftari la ankara la babake. Mahakama, kupitia Jaji James Wayne, iliamua kuwa maandishi ya namna hiyo yaweza kutosha.

Hivyo kanuni haikutupwa, ila ilirejeshwa kwenye shabaha yake. Iliwekwa kumlinda mtu dhidi ya neno tupu la mwenzake, si dhidi ya kalamu yake mwenyewe.

Kenya, iliyorithi sheria kutoka chimbuko hilo hilo, nayo hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa kosa hili kwa neno la shahidi mmoja pekee.