Maoni – Nyangwe: mgonjwa wa mawazo anahitaji dawa ya miezi, anapewa plaketi moja

Kule Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba katika eneo la Kasongo, mtu ambaye hajalala vizuri mwezi mzima ni nadra kuambiwa kwamba ni mgonjwa. Wanasema ana mawazo mengi. Moyo ukimwenda mbio bila sababu, wanasema ana tansyo. Akiacha kula, akiacha kwenda shambani, akikaa tu mlangoni macho chini, familia inaanza kutafuta nani amemfanyia hivyo. Anapelekwa chumba cha sala, au kwa sheikh asomewe, au kwa mfumu. Mwisho kabisa, pesa zikiwa zimekwisha, anapelekwa kwenye kituo cha afya.

Kinachotokea hapo kinajulikana na kila mtu aliyewahi kusindikiza ndugu wa namna hiyo katika vijiji vya Maniema ya kusini. Munganga anapima tansyo, anakuta ni nzuri. Anapima malaria. Anaandika vitamini, na kwa sababu mgonjwa amelalamika kwamba halali, anaongeza vidonge vya usingizi, mara nyingi diazepamu, ile ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Valium. Mgonjwa analala usiku ule. Analala na wa pili. Familia inashukuru. Plaketi inapokwisha, kila kitu kinarudi, pengine kwa nguvu zaidi, na jirani anapata la kusema: si mliona, huo si ugonjwa wa hospitali.

Jirani anakosea, lakini si rahisi kumlaumu. Dawa aliyoona ikishindwa haikuwa dawa ya ugonjwa ule. Diazepamu inatuliza kwa saa chache. Haiondoi huzuni iliyokaa miezi, na ikitumiwa kwa wiki nyingi mwili unaizoea, mtu anahitaji zaidi ili apate usingizi uleule, na kuiacha kwa ghafla kunaleta kutetemeka na hofu mpya, wakati mwingine hata degedege. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa vituo visivyo na daktari wa akili, linakataza kuifanya kuwa tiba ya kawaida ya huzuni kubwa. Hata hivyo ndiyo inayopatikana, ndiyo inayouzwa famasi bila karatasi, na ndiyo ambayo mama anamwazima mwenzake sokoni.

Dawa zenyewe zipo. Mbili ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilohilo: amitriptilini, inayotumika tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Si dawa mpya wala si za matajiri. Haki za wenye kuzivumbua zilikwisha zamani na viwanda vingi vinazitengeneza. Waganga wengi wa vijijini wanaifahamu amitriptilini kwa sababu hutumika pia, kwa kipimo kidogo, kwa maumivu ya mishipa. Kwa hiyo hoja kwamba huku kwetu hizi ni ndoto haisimami sana.

Shida iko kwenye namna zinavyofanya kazi, na hapa ndipo wengi wanaozianza wanapotea, kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Mtu aliyezoea kinini cha malaria anategemea siku tatu. Dawa ya huzuni haiendi hivyo. Katika wiki ya kwanza anayemeza fluoksetini anaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kupungua hata kuliko mwanzo, na wasiwasi kuongezeka kidogo. Anayemeza amitriptilini anapata mdomo mkavu, choo kigumu, macho yasiyoona vizuri karibu, na akiinuka ghafla kitandani asubuhi anaona dunia inazunguka. Huo ndio wakati ambapo hajapata faida yoyote. Faida inaanza kuonekana baada ya wiki mbili, mara nyingi nne, na kwa wengine sita. Yaani mgonjwa anaombwa avumilie ubaya wa dawa karibu mwezi mzima kwa ahadi tu. Kama aliyempa dawa hakumwambia maneno hayo mawili, kwamba itakuchelewesha na mwanzoni itakusumbua, atazitupa siku ya tano, na atakuwa na haki ya kufikiri kwamba zinamuumiza.

Halafu faida yenyewe haiji kama taa inayowashwa. Wagonjwa waliopona, kutoka nchi mbalimbali, wanasimulia jambo moja karibu kwa namna moja: kwanza usingizi unarudi, kisha hamu ya kula, kisha siku moja mtu anagundua kwamba ameoga na kufagia uwanja bila kusukumwa na mtu. Huzuni ya moyoni ndiyo inayoondoka mwisho. Mara nyingi watu wa nyumbani wanaona mabadiliko kabla ya mgonjwa mwenyewe. Wengine wanalalamika kwamba kilio kimekauka pamoja na furaha, kwamba wamekuwa kama watu waliofunikwa blanketi. Na kuna jambo ambalo halisemwi kituoni kwa sababu ya aibu: fluoksetini na wenzake hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mume asiyejua hilo atatafuta sababu nyingine, na nyumba inaweza kuvunjika kwa ajili ya kidonge ambacho kipimo chake kingebadilishwa, au dawa yenyewe ingebadilishwa, kama mtu angeuliza.

Mambo mengine ni ya maisha ya hapa na hayamo katika karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Mkulima wa mpunga anayemeza amitriptilini usiku na kuamka alfajiri bado ana usingizi. Asipande mtumbwi kuvuka Lualaba kabla hajajua mwili wake unaipokeaje. Anayekunywa lotoko juu yake anaongeza usingizi huo hadi kufika hatari. Kijana wa machimbo ya dhahabu ya Kabambare anayetafuna tramadoli ili apate nguvu za kuchimba hatakiwi kuichanganya na fluoksetini. Dawa hizo mbili pamoja zinaweza kumletea homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Nyangwe na Kasongo zina Waislamu wengi, na kila Ramadhani kuna wanaoacha dawa zote kwa mwezi. Hizi mbili humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo zinaweza kuhamishiwa baada ya futari au wakati wa daku, ingawa ule mdomo mkavu utamtesa mfungaji na munganga anapaswa kujua mapema. Imamu mmoja akilitangaza hilo Ijumaa, atasaidia zaidi ya mabango kumi.

Kuna pingamizi zito, na halifai kupitwa haraka. Wapo wanaosema: watu hawa si wagonjwa, wana sababu za kulia. Vijiji vya upande wa Salamabila vimehama zaidi ya mara moja kwa sababu ya mapigano ya Mai-Mai Malaika na jeshi. Wanawake wamebakwa njiani. Watu wamezika watoto kwa ugonjwa wa surua. Na hii ni ardhi yenye kumbukumbu nzito: katika soko la Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu mamia waliuawa mchana kweupe, Livingstone akiona. Kidonge kitarudisha nini katika hayo?

Hakirudishi kitu. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba aliyefiwa jana hapewi dawa za huzuni kwa sababu analia, na mwenye huzuni nyepesi haanziwi vidonge. Na kwa walioumizwa na vita kuna njia ambazo hazihitaji kidonge hata kimoja. Mwaka 2013 jarida la kiganga la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofanywa huku kwetu mashariki, katika vijiji 16 vya Kivu, pamoja na wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono. Kundi moja lilikutana pamoja chini ya wasaidizi wa kienyeji waliofundishwa njia ya kushughulikia mawazo yale. Lingine lilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, wenye dalili za huzuni au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na asilimia 42 katika la pili. Walioendesha makundi hayo hawakuwa madaktari. Wengi wa wanawake wale hawakuwa wamesoma sana.

Anayetaka kuwapa watu wote wa Nyangwe vidonge, basi, anakosea. Lakini anayesema vita ndiyo sababu na kwa hiyo dawa ni bure, naye anamwacha pabaya mtu wa tatu: yule ambaye hawezi hata kuinuka kwenda kwenye kundi, ambaye hali, halali, na anafikiria kufa. Huyo sababu yake ya kulia inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado akawa mgonjwa. Uchunguzi mkubwa uliotoka katika The Lancet mwaka 2018 ulijumlisha majaribio 522 yenye watu zaidi ya 116,000 na kukuta kwamba dawa zote 21 zilizolinganishwa zilishinda kidonge kisicho na dawa ndani. Zilishinda kwa kiasi cha wastani, si kwa muujiza, na amitriptilini ilikuwa kati ya zilizofanya vizuri. Kwa mtu aliyefika chini kabisa, kiasi hicho cha wastani kinaweza kuwa ndicho kinachomfikisha kwenye mazungumzo.

Kinachokera katika habari hii ni kwamba Kasongo ndiyo sehemu ya mwisho inayopaswa kuambiwa namna ya kufuatilia mgonjwa. Katika miaka ya 1970, kikundi cha waganga Wakongo na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, kilijaribu hapo Kasongo mfumo wa hospitali moja iliyozungukwa na vituo vya afya, kila kituo kikiwa na muuguzi, fishi ya kila mgonjwa, na maagizo yaliyoandikwa. Zone za afya ambazo nchi nzima inazijua leo zilijifunza mengi kutoka huko. Mwanafunzi wa afya ya umma Ulaya anasoma jina la Kasongo darasani, wakati mgonjwa wa Kasongo anapewa diazepamu na kuambiwa asiwaze sana.

Na mfano uko kituoni palepale, labda kwenye meza hiyohiyo. Mgonjwa wa kifua kikuu anapewa dawa miezi sita, bure. Jina lake liko kwenye rejista. Asipokuja siku yake, reko anatumwa nyumbani kumuuliza. Hakuna anayemwambia aombe tu, ingawa akiomba pia hakuna anayemzuia. Mgonjwa wa huzuni kubwa anahitaji muda mrefu kuliko huo: mwongozo unasema aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha apunguziwe taratibu. Huyu hana rejista, na hana reko wa kugonga mlango. Akipata nafuu mwezi wa pili anaacha, kwa sababu vidonge vinagharimu faranga na yeye anajiona mzima, na ugonjwa unarudi wakati wa mvua barabara ikiwa imekatika.

Kumpeleka mbali hakutatui. Hospitali za akili zinazojulikana ni Sosame ya Bukavu, Tulizo Letu ya Goma, kituo cha Joseph Guislain cha Lubumbashi, na CNPP ya Kinshasa. Kwa mtu wa Nyangwe hizo ni safari za siku nyingi. Hata Kindu, makao makuu ya jimbo, ni mbali kwa pikipiki. Zinafaa kwa anayesikia sauti au aliye hatarini kabisa. Wengine wote wanatakiwa kutibiwa na muuguzi wa kijiji, na kazi hiyo haimzidi akifundishwa. Aulize kama mgonjwa amewahi kuwa na kipindi cha uchangamfu uliopita kiasi, kwa sababu huyo dawa hizi zinaweza kumrusha upande wa pili. Aulize juu ya mimba na moyo. Aulize juu ya kufa bila kuogopa neno lenyewe. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Na anayefikiria kufa asipewe amitriptilini ya mwezi mzima mkononi, kwa sababu nyingi kwa pamoja zinaua. Apewe ya wiki, na dada yake azitunze.

Fedha zinazohitajika kwa hilo ni ndogo mbele ya zinazopita Kindu kila mwaka. Programu ya Kitaifa ya Afya ya Akili ipo. Ofisi ya zone ipo, na inaagiza dawa kila robo mwaka. Kinachotakiwa ni mstari mmoja kwenye oda hiyo, uandikwe kwa hesabu ya mwaka mzima na kwa idadi ya wagonjwa walio kwenye rejista, ili aliyeanza mwezi wa kwanza asikute rafu tupu mwezi wa nne. Wabunge wa jimbo waliochaguliwa Kasongo na Kabambare wanaweza kumuuliza waziri wao wa afya swali hilo katika kikao kijacho: katika vituo vya maeneo haya mawili, ni vingapi vina fluoksetini leo, na ni nani anayeandika jina la mgonjwa anapoondoka nayo.