Vikundi Vidogo Vinahitaji Walimu, na Mtihani Unaofanana Navyo

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, huko Hamilton nchini Kanada, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari bila kuwajazia ratiba ya mihadhara. Waliketi katika vikundi vidogo, wakapewa tatizo la mgonjwa, wakaachwa watafute wenyewe maarifa ya kulieleza. Maastricht, Uholanzi, ikafuata mwaka 1974. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kufundisha udaktari kwa njia hiyo mwaka 1990. Makerere, ambako shule ya tiba ilianzishwa mwaka 1924, iliigeukia mwaka 2003.

Je, vikundi vimeushinda mhadhara? Si kwa kila kipimo, na sisi tunaovitetea tukubali hilo. Tathmini mbili kubwa za tafiti, zilizochapishwa Marekani mwaka 1993, zilionyesha kuwa wanafunzi wa vikundi walifurahia masomo zaidi na walifanya vizuri, pengine kuwazidi wenzao, katika kazi ya kitabibu. Katika mitihani ya sayansi za msingi, mara nyingine waliachwa nyuma. Mhadhiri mzuri humpangia mwanafunzi somo lililotawanyika, akamwonyesha lipi ni shina na lipi ni tawi. Kazi hiyo si ndogo.

Hata hivyo bado nasimama upande wa vikundi. Chukua mtoto anayeharisha: macho yameingia ndani, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Katika mhadhara dalili hutajwa, zikaandikwa, zikakaririwa. Katika kikundi mtu atauliza kwa nini moyo ukimbie ilhali maji ya mwili yamepungua. Mmoja anakisia, mwenzake anampinga, mkufunzi anajizuia kutoa jibu. Muda si mrefu wote wanagundua kwamba hawajui figo hufanya nini hali inapokuwa hiyo. Katika ukumbi wa mhadhara pengo hilo lingebaki limefichika, huenda hadi usiku ule daktari mtarajali atakapobaki peke yake wodini na mtoto wa kweli.

Lakini njia hii ni ghali. Darasa la wanafunzi 200, likigawanywa kwa vikundi vya watu 8, linahitaji wakufunzi 25 kwa saa moja. Chuo chenye walimu wachache wa patholojia hakiwezi kuwapata, basi kikundi kinanenepa hadi watu 20 au zaidi. Wawili wanazungumza, wengine wanasubiri muda uishe. Mada inakatwa vipande, kila mtu anaandaa slaidi zake usiku, na asubuhi darasa linasikiliza mihadhara mifupi ya watu waliolisoma somo jana. Hapo afadhali mhadhiri mwenyewe angesimama mbele.

Ipo njia ya kati, nayo inafaa zaidi mahali penye walimu wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Larry Michaelsen, mwalimu wa masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, alikabiliwa na darasa lililojaa kupita kiasi. Akawagawa wanafunzi katika timu, zote ndani ya ukumbi mmoja. Wanasoma kabla ya kuja, kila mmoja anafanya jaribio peke yake, kisha timu inalijibu upya jaribio lilelile kwa kubishana, halafu wanapewa tatizo la kuamua. Mwalimu mmoja anaweza kuongoza timu nyingi kwa pamoja, na vyuo vingi vya afya duniani vimeuchukua mtindo huu.

Kinachonisumbua zaidi ni mtihani. Chuo kinaweza kubadili mtaala wote, lakini swali la mwisho wa mwaka likibaki “taja visababishi vitano”, wanafunzi watakiacha kikundi na kwenda kutafuta mitihani ya miaka iliyopita. Siwalaumu, wanafanya kile kinachopewa alama. Kwa hiyo mageuzi yaanzie kwenye karatasi ya mtihani: maswali yaanze na mgonjwa, na alama zitolewe kwa hoja iliyomfikisha mwanafunzi kwenye uamuzi wake. Na saa ambazo mwalimu anakaa na kikundi zihesabiwe anapofikiriwa kupandishwa cheo, sawasawa na saa za mhadhara.