Biashara gani isiyo na hesabu?

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba mfuatano wa namba, ile mada ya kidato cha tatu, ni mzigo wa bure kwa mtoto wa Kipsongo, mtaa wa mabanda mjini Kitale, eti heri afundishwe biashara, atutajie kwanza biashara isiyo na hesabu.

Kuna huu mtindo wa kuweka akiba kwa wiki 52 ambao vyama vingi vya akina mama vinaupenda. Tuseme mama wa mboga anaanza na shilingi 100, halafu kila wiki anaongeza 50. Wiki ya mwisho atadaiwa ngapi? Asiye na kanuni atajaza daftari. Mwenye kanuni anachukua 100, anajumlisha 50 mara 51: shilingi 2,650. Na wiki hiyo ikiangukia Krismasi, karo ya Januari ikibisha hodi, heri awe amejua mapema.

Mbona 51, si 52? Kwa sababu wiki ya kwanza haina nyongeza; nyongeza huanza ya pili. Basi wiki yoyote, iite n, ni 100 + 50(n − 1), yaani 50n + 50. Wengi hukwama hapo kwa kuwa walikaririshwa kanuni kabla ya kuonyeshwa hiyo wiki ya kwanza. Hilo ni kosa la ufundishaji. Mtoto hana hatia.

Na kama mada yenyewe haina faida, mbona mwandishi hakupendekeza ifutwe pia kwa watoto wa Milimani, mtaa wa wenye nacho katika mji uo huo wa Kitale?